Mzee anastaafu na anatafuta nyumba? Kodi ya jengo ni buku jero kwa mwezi, ila angalia haya kwanza

Mama mkubwa wangu alistaafu ualimu, akachukua mafao yake, akanunua nyumba ndogo ya vyumba vitatu nje kidogo ya mji wa Morogoro. Kila mwezi akinunua umeme kwa mara ya kwanza, uniti zinakuja pungufu. Akajua ni deni aliloachiwa na mtu aliyemuuzia. Zaidi ya mwaka mzima hakuuliza mtu.

Siku nilipokwenda kumsalimia akanipa simu nimsomee meseji ya LUKU. Nikaisoma mpaka chini: kodi ya jengo, Sh1,500.

Mama mkubwa ana miaka 63. Kwa umri huo na kwa nyumba anayoishi mwenyewe, alikuwa na haki ya kuomba asikatwe.

Sasa kama na wewe una mzazi anayekaribia kustaafu, au wewe mwenyewe umebakiza miaka michache, soma hadi chini. Tunaongelea Tanzania Bara, maana Zanzibar ina utaratibu wake.

Kwanza, mkononi kuna shilingi ngapi?

Kabla ya kuzungumzia kiwanja, piga hesabu ya mafao. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni 60. Kwa mtumishi wa umma aliye PSSSF, tangu Julai 2022 malipo ya mkupuo yalikuwa asilimia 33. Kwenye bajeti ya 2024/25 Serikali ikapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa linapata 50, na asilimia 35 kwa kundi ambalo lilikuwa linapata 25. Kinachobaki kinalipwa kama pensheni ya kila mwezi.

Tuchukue mfano. Mwalimu amechangia miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake unaotumika kwenye hesabu ni Sh1 milioni kwa mwezi. Kikokotoo kinasema: gawanya miezi 360 kwa 580, zidisha kwa mshahara wa mwaka mzima ambao ni Sh12 milioni, unapata kama Sh7.45 milioni. Hiyo ni pensheni yake ya mwaka kabla ya kutoa mkupuo. Zidisha kwa 12.5, halafu chukua asilimia 40. Mkupuo unakuja kama Sh37.2 milioni, na kila mwezi atapokea kama Sh372,000.

Hiyo ndiyo bajeti ya nyumba. Milioni 37, mara moja tu, na hairudi tena.

Wengi wanaanza ujenzi na mkupuo huo huo, wanapiga msingi wa nyumba kubwa kwa sababu "watoto watakuja Krismasi", na pesa inaishia kwenye lenta. Kiukweli ukizunguka pembezoni mwa miji yetu utayaona mapagale mengi ya aina hiyo, nyasi zimeota sebuleni. Vyumba viwili vilivyokwisha, vyenye choo cha ndani na tenki la maji, vinamfaa mzee kuliko vyumba vitano visivyo na bati.

Kodi ya jengo: ndogo, ila ghorofa ni habari nyingine

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ukinunua umeme, inakatwa humo humo. Mwanzoni nyumba ya kawaida ilikuwa inalipa Sh1,000 kwa mwezi. Kuanzia Julai 2023 ikawa Sh1,500, sawa na Sh18,000 kwa mwaka. Mtaani tunaita buku jero.

Kwa ghorofa ni Sh7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, yaani Sh90,000 kwa mwaka. Nyumba ya sakafu mbili inakuja Sh180,000 kwa mwaka.

Rudi kwa yule mwalimu wetu wa Sh372,000. Akiwa na nyumba ya kawaida, kodi inachukua chini ya nusu ya asilimia moja ya pensheni yake. Akiwa na ghorofa la sakafu mbili, inachukua Sh15,000, ambayo ni kama asilimia 4. Na hapo hatujagusa ngazi. Ukiwa na miaka 60 unazipanda vizuri tu, ila ukifika 75 na goti limeanza kulia, chumba cha juu kinageuka stoo.

Viwango hivi hupangwa kwenye Sheria ya Fedha, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kila bajeti ya Juni ikisomwa, tega sikio.

Mambo mawili yanawachanganya watu kwenye LUKU. La kwanza, usiponunua umeme miezi mitatu deni halifutiki, linakusubiri. Siku ukinunua linakatwa lote kwa pamoja, ndiyo maana mtu anaweka Sh5,000 anapata uniti za kuchaji simu tu. La pili, nyumba moja yenye mita mbili au tatu haitakiwi kulipa mara mbili au tatu. Kama inakatwa kila mita, nenda katoe taarifa ili ibaki mita moja.

Mpangaji naye akikatwa, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Anatakiwa kurudishiwa au kupunguziwa kwenye kodi ya pango. Malizaneni kwa amani.

Miaka 60: msamaha upo, ila haujileti

Hapa ndipo pesa ya wazee inapotea kimya kimya.

Sheria inatoa msamaha wa kodi ya jengo kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea, kwa nyumba moja anayoimiliki na anayoishi. Watu wenye ulemavu wasio na kipato nao wamo. Shida ni kwamba mita ya LUKU haijui umri wa mtu. Mzee akitimiza miaka 60 leo, kesho mita inaendelea kukata kama kawaida mpaka aombe.

Maombi yanapelekwa ofisi ya TRA. Mzee abebe kitambulisho kinachoonyesha umri (cha NIDA kinatosha), namba ya mita, karatasi za umiliki, na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba nyumba ni yake na anaishi humo. Ajiandae pia kuulizwa kuhusu kipato.

Angalia maneno haya mawili: anaimiliki na anaishi. Yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana.

Ukimjengea mama nyumba kijijini na hati ukaandika jina lako, mmiliki ni wewe. Wewe una miaka 29. Mama anaishi humo, ana miaka 68, lakini msamaha hana cha kuushikia. Kama nia ni kumpa nyumba, mpe na karatasi. Najua kuna vijana wanaogopa mambo ya mirathi na ndugu, na hofu hiyo ina sababu zake. Basi jua tu kwamba kodi itabaki kwa jina lako.

Vivyo hivyo mzee mwenye nyumba tatu anasamehewa moja. Zile mbili za wapangaji zinaendelea kudaiwa. Na aliyestaafu kwa hiari akiwa na 55 atalipa kwa miaka mitano kabla hajafika 60.

Pango la ardhi, lile linalosahaulika

Kodi ya jengo inakatwa yenyewe, hivyo hakuna anayeisahau. Pango la ardhi ndilo linalolala miaka kumi halafu linaamka na riba.

Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini. Wewe mwenye hati unapewa haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na kila mwaka unalipa pango. Linalipwa Wizara ya Ardhi kwa kumbukumbu namba ya malipo, kwa simu au benki. Kiasi kinategemea vitu vitatu: ukubwa wa kiwanja, kipo eneo gani, na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati.

Kwa mstaafu hii ina maana moja ya moja kwa moja. Kiwanja cha mita za mraba 2,400 kinalipiwa mara nne ya kile cha mita 600 kama eneo na matumizi ni yale yale. Kama huna mpango wa kufuga wala kulima, eneo kubwa unalilipia ili uangalie nyasi tu.

Na ukikuta hati imeandikwa "makazi na biashara" wakati wewe unataka kulala na kuamka, jua unalipia biashara usiyoifanya. Uliza gharama za kubadili matumizi kabla ya kununua.

Kabla ya kumpa muuzaji hata senti tano, mwambie akuonyeshe risiti za pango la miaka iliyopita. Deni linafuata kiwanja. Ukinunua unalirithi, na pango lisipolipwa muda mrefu sheria inaruhusu hatua hadi kufuta umiliki.

Siku ya kununua kuna kodi nyingine

Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1 ya thamani. Nyumba ya Sh30 milioni, weka kama Sh300,000 pembeni.

Halafu kuna kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Hii kisheria anadaiwa muuzaji. Mtaani muuzaji anakwambia "bei yangu ni safi, ya serikali utajua mwenyewe", na kwa kuwa hati haihami bila kodi hiyo kulipwa, mnunuzi ndiye anayebanwa. Ijadili mapema na iandikwe kwenye mkataba.

Inamhusu pia mzee anayeuza nyumba ya Dar es Salaam ili ahamie sehemu ya bei nafuu, na huo ni mpango mzuri tu. Kama ameimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi, ameishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi Sh15 milioni, hatozwi. Ikizidi, faida inahesabiwa baada ya kutoa gharama, na gharama zinathibitishwa kwa risiti. Zile risiti za saruji na bati za mwaka 2009 zilizomo kwenye bahasha kabatini, usizichome.

Kuna na ile "asilimia kumi ya mwenyekiti". Mitaa na vijiji vingi mnunuzi huambiwa aiache pale ofisini. Hiyo siyo kodi ya Serikali. Ukiombwa, omba kumbukumbu namba ya malipo na risiti. Kama havipo, jibu umeshalipata.

Karatasi: hapa ndipo watu wanapigwa

Nimeandika sana kuhusu kodi, lakini nikuambie ukweli, sijaona mstaafu aliyefilisiwa na buku jero. Waliofilisika waliuziwa kiwanja cha mtu mwingine.

Karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa inathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana. Haithibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye mali. Kama kiwanja kina hati, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi: utalipa ada ndogo na utaambiwa hati ni ya nani, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Dalali akikwambia upekuzi hauna haja kwa sababu "mzee huyu anajulikana", hapo ndipo pa kuuliza zaidi.

Kama muuzaji ana mke au mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza. Mwenza asaini, na awepo mwenyewe, siyo "amesafiri lakini anajua". Kama nyumba ni ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na akuonyeshe barua ya uteuzi.

Kijijini mambo yanaenda tofauti kidogo. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hati yake ni ile ya kimila. Mtu wa nje ya kijiji hawezi kumalizana na muuzaji chini ya mwembe. Lazima suala lake lipite kwenye halmashauri ya kijiji.

Mjini kwenye maeneo yasiyopimwa utakutana na leseni ya makazi. Ni karatasi halali ila ni ya muda mfupi, haina nguvu ya hati. Kwa mtu anayetafuta nyumba ya kuzeekea, ningependa hati.

Wapi sasa?

Ukiuliza kwenye kijiwe utaambiwa Chanika, Mlandizi, Mkuranga, Chalinze, Kigamboni ya ndani ndani. Bei inashuka kadiri unavyoiacha lami, hilo wote tunalijua. Swali la mstaafu ni jingine: kliniki ya presha na sukari iko wapi?

Hebu tufanye hesabu ya mama mkubwa. Kila baada ya miezi anakuja Dar es Salaam kumwona daktari wa moyo. Treni ya SGR iliyoanza Juni 2024 imemrahisishia sana, lakini tiketi ya kawaida Dar–Morogoro ilipangwa Sh13,000. Kwenda na kurudi ni Sh26,000, kabla ya bodaboda na chai. Safari moja tu imezidi kodi ya jengo ya mwaka mzima, na kama anasindikizwa, zidisha kwa mbili.

Ndiyo maana mimi naona kukimbilia mkoa kwa sababu tu kodi ni ndogo hakuna maana. Kodi ya jengo ya nyumba ya kawaida haibadiliki ukitoka Mbezi kwenda Muheza. Kinachobadilika ni bei ya kiwanja, pango, na umbali wa hospitali.

Kibaha ina Hospitali ya Tumbi, ya rufaa ya mkoa, na ukizidiwa Dar es Salaam iko karibu. Morogoro ina hospitali ya rufaa ya mkoa, chakula cha bei nafuu na treni. Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa yenye huduma za kibingwa za moyo na figo, ila bei za viwanja zilipanda tangu Serikali ihamie huko, na maji ni ya kuulizia mtaa kwa mtaa. Moshi kuna KCMC, lakini kupata ardhi mlimani kama hujazaliwa huko ni shughuli. Mwanza kuna Bugando.

Nenda ukalale eneo hilo siku tatu, ikiwezekana wakati wa masika. Barabara inayopitika Septemba inaweza kuwa mto Aprili, na bodaboda hatafika saa nane usiku kumchukua mgonjwa.

Nyumba za mashirika, na makazi ya wazee

Kuna wanaopendelea nyumba iliyokwisha kuliko kusimamia mafundi. Shirika la Nyumba la Taifa na Watumishi Housing wamejenga nyumba za kuuza maeneo kadhaa. Faida yake ni kwamba karatasi zimenyooka. Ila kama ni fleti, uliza gharama za huduma za kila mwezi: ulinzi, usafi, taa za ngazi, lifti. Hizo hazina msamaha wa miaka 60. Na kama unafikiria mkopo wa nyumba, ufikirie ukiwa na miaka 40, maana benki hutaka marejesho yaishe kabla mshahara haujakoma.

Usichanganye hayo na makazi ya wazee kama Nunge ya Kigamboni au Fungafunga ya Morogoro. Hayo ni ya Serikali, kwa wazee wasio na uwezo wala wa kuwatunza.

Na mama mkubwa?

Tulikwenda naye kuomba msamaha. Mara ya kwanza tulirudi mikono mitupu, kosa letu wenyewe: mita ilikuwa bado ina jina la aliyemuuzia nyumba, na barua ya serikali ya mtaa ilitaja jina la mama mkubwa. Majina hayakukutana. Ikabidi tuanze kwa kubadilisha jina la mita kwa kutumia mkataba wa mauziano, ndipo turudi.

Kwa hiyo kama mzee wako amenunua nyumba ya mtu, anza na hilo. Ingiza namba ya mita kwenye simu, nunua umeme wa Sh2,000, uangalie jina linalotokea.